Pointi Kwanza, Kisha Nini? Mwongozo Kamili wa Kupima Alama na Shughuli za Nje ya Darasa kwa Mwombaji wa Chuo Kikuu Kutoka Uganda

Mzazi mmoja anamtoa mtoto kwenye timu ya shule kwa sababu mpira hauleti pointi za kuingilia chuo. Mwingine anajinyima ili alipie mafunzo ya piano mjini Kampala, kwa kuwa amesikia vyuo vikubwa vya Marekani vinataka watoto wenye vipaji. Wote wawili wanampenda mtoto wao. Yupi kati yao yuko sahihi, hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kujua mtoto anaomba chuo gani, kwa sababu vyuo havipimi kwa mizani moja. Kuna vinavyohesabu pointi peke yake, na kuna vinavyosoma maisha yote ya mwombaji. Tatizo ninaloliona mara nyingi ni mwanafunzi anayejiandaa kwa mizani ya chuo ambacho hataomba.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi aliye S4 hadi S6 (kidato cha nne hadi cha sita), mzazi wake, na mwalimu anayemshauri. Ukiwa bado S4 una muda wa kutosha. Ukiwa tayari S6, anza na hatua ya 2, kisha ruka hadi ya 6.

Hatua ya 1: Andika orodha ya vyuo kabla ya orodha ya shughuli

Chukua karatasi na uigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vyuo vya umma vya Uganda: Makerere, Mbarara, Kyambogo, Gulu, Busitema na vinginevyo. Fungu la pili ni Uingereza. La tatu ni Marekani, pamoja na vyuo vya Afrika vinavyosoma mwombaji kwa mtindo unaokaribiana na huo, kama Ashesi ya Ghana na African Leadership University yenye kampasi Kigali. Katika kila fungu andika kozi unayoitaka, siyo jina la chuo tu, maana kozi ndiyo inayoamua ushindani. Udaktari wa Makerere na shahada ya elimu ya Makerere ni mashindano mawili tofauti kabisa.

Karibu kila mwanafunzi wa Uganda atakuwa na fungu la kwanza, hata kama ndoto yake iko ng'ambo. Usione aibu kuliandika. Ndilo linalobaki mikononi wakati barua za nje zinapokataa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pointi kwa mkono wako

Wengi wanajua pointi 20 za UACE, mtihani wa mwisho wa S6: masomo makuu matatu, A ikiwa 6, B 5, C 4, D 3, E 2 na O 1, kisha General Paper pointi 1 na somo dogo, la hesabu au la kompyuta, pointi 1. Lakini vyuo vya umma havichagui kwa pointi hizo zilivyo. Vinazipa uzito, na hapa ndipo familia nyingi zinapotea.

Masomo yaliyo ya lazima kwa kozi huzidishwa mara 3. Somo linalohusiana na kozi huzidishwa mara 2. Yanayofaa tu huzidishwa mara 1, na mengine nusu. UCE, mtihani wa S4, nayo huongeza kidogo: katika mfumo wa zamani kila distinksheni ni 0.3, kila krediti 0.2, kila pasi 0.1. Msichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Waliofanya UCE ya mtaala mpya, ambao kundi lake la kwanza lilifanya mtihani mwaka 2024, wana herufi A hadi E badala ya distinksheni na krediti, kwa hiyo wasome tangazo la chuo la mwaka wao kuona herufi hizo zinahesabiwaje.

Tuchukue mfano wa msichana wa kombinesheni ya BCM (baiolojia, kemia na hesabu) anayeomba udaktari Makerere, mwenye UCE ya zamani. Baiolojia na kemia ndizo za lazima, na hesabu ndilo somo linalohusiana. Amepata A ya kemia, B ya baiolojia, A ya hesabu, akapata General Paper na kompyuta. Kemia ni 6 mara 3, yaani 18. Baiolojia ni 5 mara 3, yaani 15. Hesabu ni 6 mara 2, yaani 12. Masomo mawili madogo yanampa 2. UCE yake ya distinksheni 7 na krediti 3 inampa 2.7. Jumla ni 49.7, na pointi za wasichana zinaifikisha 51.2.

Sasa angalia ile B ya baiolojia. Ingekuwa A, jumla ingepanda kwa 3. Distinksheni 10 za UCE zote kwa pamoja nazo ni 3. Yaani hatua moja ya daraja katika somo la lazima ina uzito sawa na UCE nzima iliyofanywa bila dosari. Na kiranja mkuu? Nahodha wa mdahalo? Mshindi wa tuzo ya muziki na ngoma? Katika hesabu hii wote wanapata sifuri. Naliandika hili bila furaha, kwa sababu nimeona watoto ambao uongozi wao shuleni ulikuwa na thamani kuliko A zao, lakini mizani hii haina sehemu ya kuuweka. Anayetegemea udhamini wa serikali kwa kozi yenye ushindani lazima ajue hivyo tangu S5.

Fanya hesabu hii mara mbili. Mara ya kwanza ni kabla ya kuchagua kombinesheni, ili uone kama masomo yako yanaangukia kwenye uzito wa 3 au wa nusu. Kombinesheni mbaya inaweza kukuibia pointi ambazo hakuna usiku wa prepu utakaozirudisha. Mara ya pili ni baada ya mtihani wa majaribio wa S6, ukilinganisha na kiwango cha kukatia cha mwaka uliopita, yaani pointi za chini kabisa zilizokubaliwa kwa kozi hiyo. Kiwango hicho hupanda na kushuka, kwa hiyo jipe nafasi ya pointi moja au mbili juu yake.

Hatua ya 3: Angalia milango ya pembeni iliyopo nyumbani

Nafasi za udhamini wa serikali katika vyuo vya umma ni kama 4,000 kwa mwaka. Katika mgawanyo uliozoeleka, 3,000 hutolewa kwa ushindani wa taifa zima, 896 kwa mgao wa wilaya, 64 kwa wanafunzi wenye ulemavu, na 40 kwa wanamichezo.

Rudia hizo 40. Ni kwa nchi nzima na kwa michezo yote. Mchezaji aliyewakilisha shule yake kwenye mashindano ya kitaifa ya sekondari au aliyevaa jezi ya taifa aombe bila kusita, akiwa na vyeti na barua ya chama cha mchezo wake. Anayecheza vizuri kijijini tu asijenge maisha juu yake. Na hata mwanamichezo bora lazima awe na masomo makuu mawili aliyofaulu, maana hicho ndicho kiwango cha chini cha kuingia shahada.

Vyuo binafsi vina uhuru zaidi. Ndejje kinajulikana kwa michezo, na vingine hutoa punguzo la ada kwa wachezaji. Hapa piga simu au nenda mwenyewe kwa mwalimu wa michezo wa chuo. Mambo mengi ya aina hii hayaandikwi kwenye tovuti.

Mwanafunzi mwenye uwezo darasani ambaye familia yake haina kitu aangalie pia mpango wa ufadhili wa Mastercard Foundation. Huo hutazama alama, hali ya nyumbani, na alichofanya mwombaji kwa ajili ya watu wake. Ni mahali pachache hapa nyumbani ambapo kuwafundisha watoto wa jirani kusoma kuna nafasi kwenye fomu. Usitie chumvi kuhusu umaskini wala kuhusu kazi yako, kwa sababu maelezo huhakikiwa.

Hatua ya 4: Elewa mizani ya Marekani kabla ya kuiogopa au kuipuuza

Vyuo vya Marekani vyenye ushindani mkali husoma faili nzima: alama, mtihani wa SAT au ACT pale unapotakiwa, insha, barua za walimu, shughuli, na mazingira uliyosomea. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard mwaka 2014, na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023 kuhusu suala la rangi, iliweka hadharani jambo ambalo waombaji walikuwa wakilibahatisha. Wasomaji wa faili pale walikuwa wakitoa alama za 1 hadi 6, 1 ikiwa ya juu, katika masomo, shughuli, michezo na tabia, kila kimoja peke yake.

Jambo la kujifunza hapo ni hili: alama za masomo hukuweka kwenye kundi la watu ambao chuo kinaamini watayaweza masomo, na ndani ya kundi hilo alama hazitofautishi tena. Mwaka 2024 Harvard ilipata maombi karibu 54,000 na kuwakubali watu wasiofika 2,000. Wenye alama nzuri walikuwa wengi mno kuliko viti, kwa hiyo kilichoamua kilikuwa kitu kingine. Kwa hiyo shughuli haziwezi kuziba pengo la alama. Mwenye pointi 11 asidhani urais wa klabu ya mazingira utamfungulia Yale. Lakini mwenye pointi 18 asiye na chochote zaidi ya pointi 18 naye atakuwa na kazi ngumu.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi wetu hawaambiwi vya kutosha. Wasomaji hao hawatarajii mtoto wa Arua au Kapchorwa awe na piano, roboti na safari za kujitolea nchi za nje. Wanauliza: kwa nafasi alizokuwa nazo, alifanya nini? Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi, Common App, ina nafasi 10 za shughuli, na miongoni mwa aina zilizoorodheshwa ziko kazi ya kulipwa na majukumu ya nyumbani. Kulea wadogo zako, kuuza dukani, kumtafsiria bibi hospitalini: hivyo vyote ni shughuli. Watoto wetu huviacha kwa kudhani ni mambo ya kawaida tu ya nyumbani, kisha wanajaza klabu tano walizohudhuria mara mbilimbili.

Phiona Mutesi alijifunza sataranji Katwe, Kampala, na mchezo huo ukamfikisha Chuo Kikuu cha Northwest, jimbo la Washington. Hakuwa na orodha ndefu. Alikuwa na kitu kimoja alichokifanya kwa miaka mingi hadi mashindano ya dunia, na alimaliza sekondari.

Hatua ya 5: Uingereza, kwa kifupi

Huko mizani iko karibu na yetu kuliko ya Marekani. Oxford na Cambridge huchagua kwa uwezo wa somo lenyewe: alama, mtihani wa chuo kwa kozi nyingi, na usaili. Ukapteni wa voliboli hausaidii. Kinachosaidia ni kilicho nje ya darasa lakini ndani ya somo: mwombaji wa uhandisi aliyefungua pampu ya maji iliyoharibika na kutafuta sababu, mwombaji wa sheria aliyekaa mahakama ya wilaya na kuandika alichokiona. Kwa wanaoingia mwaka 2026 na kuendelea, maelezo binafsi ya UCAS, ofisi inayopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, yana maswali matatu badala ya insha moja, na la tatu linauliza ulichofanya nje ya masomo kujiandaa. Weka shughuli zako humo, tena zile tu zinazogusa kozi. Tarehe ya mwisho ya Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari ni 15 Oktoba, na huwezi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja.

Hatua ya 6: Gawa muda wako, ukianza na kalenda ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda

UACE hufanywa Novemba hadi mapema Desemba. Maombi ya mapema ya Marekani hufungwa 1 Novemba kwa vyuo vingi, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Mgongano huo unawaumiza watoto wetu kuliko kitu kingine chochote, hasa wa bweni wasioruhusiwa simu.

Ushauri wangu kwa walio wengi ni huu: usijaribu yote ndani ya muhula wa tatu wa S6. Mshika mbili moja humponyoka. Kuna njia mbili safi. Ya kwanza ni kumaliza insha, shughuli na SAT kabla ya Septemba ya S6, ukitumia likizo za Mei na Agosti, kisha ukafunga faili na kurudi kwenye mitihani. Shule itatuma makadirio ya alama. Ya pili, ninayoipenda zaidi kwa asiye na kompyuta nyumbani, ni kufanya UACE kwa utulivu, kupata matokeo Februari au Machi, kisha kuomba kwa matokeo halisi mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwaka huo wa katikati siyo hasara kama utaujaza kazi ya maana. Ukiwa umepata nafasi hapa nyumbani, ulizia kwanza kama chuo kinakuruhusu kuahirisha, na kama vyuo vya nje unavyovitaka vinakubali mtu aliyekwisha kuanza chuo kingine, kanuni zinatofautiana.

Kwa S5, panga hivi. Muhula wa kwanza ni wa kuzoea kombinesheni. Klabu zote zikikuita, chagua moja. Muhula wa pili na wa tatu ndio wakati wa kazi ya nje ya darasa yenye uzito. Ikifika muhula wa kwanza wa S6, kabidhi madaraka au punguza. Kama daraja la somo la lazima limeshuka mitihani miwili mfululizo, acha shughuli zote isipokuwa moja hadi lipande. Sisemi hivyo kwa sababu shughuli hazina maana. Nasema hivyo kwa sababu matokeo ya UNEB ndiyo yatakayosomwa na vyuo vya mafungu yote matatu kwenye karatasi yako, na shughuli zitasomwa na baadhi tu.

Hatua ya 7: Chagua shughuli moja au mbili, uzikuze, na utunze ushahidi

Jiulize maswali haya. Je, ningeifanya hata kama hakuna chuo kingeiona? Je, kuna mtu ambaye maisha yake yamebadilika kidogo kwa sababu yake? Je, mwaka huu ni kubwa kuliko mwaka jana? Ukijibu ndiyo mara mbili, umeipata.

Nunua daftari moja. Kila Jumapili andika ulichofanya, saa ulizotumia, na idadi: watoto waliofika, miche iliyopandwa, shilingi zilizokusanywa. Common App huuliza saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, na anayekisia baada ya miaka miwili huonekana anakisia. Piga picha barua, orodha na vyeti; mvua na mchwa haviheshimu karatasi.

Hatua ya 8: Andika shughuli yako kwa namba na vitenzi

Maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 150, nafasi tupu zikiwemo. Utaandika kwa Kiingereza, lakini fikiri kwanza kwa lugha unayoifanyia kazi. Mfano wa kijana wa Busia, alivyoandika mwanzo: "Nilimsaidia mama yangu sokoni na kujifunza bidii, uvumilivu na uongozi." Hapo msomaji haoni kitu. Kisha baada ya kuulizwa alikuwa akifanya nini hasa: "Nilianzisha daftari la madeni la kibanda cha mukene cha mama, Busia, wachuuzi 14 sasa wanalitumia, napiga hesabu za shilingi za Kenya na Uganda." Zimetimia herufi 144 (mukene ni dagaa), na sasa msomaji aliye Marekani anamwona kijana, soko na mpaka. Kama anaomba uchumi, shughuli hiyo inazungumza kuliko urais wa klabu ya uchumi.

Insha kuu ina maneno 650 kwa juu. Usirudie orodha ya shughuli humo, na usimpe mtu akuandikie. Insha iliyoandikwa na mjomba msomi hujulikana mara moja, maana haifanani na barua ya mwalimu wala na majibu mafupi kwenye fomu hiyohiyo.

Hatua ya 9: Isaidie shule yako ikusaidie

Shule chache zenye jina zina mwalimu aliyezoea maombi ya nje. Nyingi hazina. Mwendee mwalimu mkuu mapema, kwa adabu, ukiwa na karatasi inayoeleza kinachohitajika: matokeo ya S3 hadi S6 yenye muhuri, barua mbili za walimu, na ukurasa mmoja kuhusu shule. Ukurasa huo ni muhimu sana. Useme shule ina wanafunzi wangapi, wastani wa pointi za UACE ni ngapi, na wangapi hufika pointi 15. Mtu wa Marekani hajui kwamba pointi 16 zilizopatikana kwenye shule isiyo na maabara kamili ni jambo kubwa. Ukurasa ndio utakaomwambia.

Mpe mwalimu anayekuandikia nakala ya daftari lako. Barua inayosema "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" haikusaidii. Inayosema alikukuta saa moja jioni ukimweleza mwenzako hesabu ya mole kwa mara ya nne, hiyo inasomwa.

Mlipe wakala yeyote wa "nafasi ya uhakika"? Hapana. Hakuna nafasi ya uhakika, na cheti au barua ya kughushi ikigundulika hata baada ya kuhitimu hukufuta chuoni. Ada ya maombi yenyewe huweza kusamehewa kwa mwenye uhitaji, ukiomba kwenye fomu.

Hatua ya 10: Majibu yakifika, soma ukurasa wa fedha kwanza

Vyuo vingi vya Marekani hujibu mwishoni mwa Machi na kutaka jibu lako kufikia 1 Mei. Gharama za chuo binafsi chenye jina huzidi dola 80,000 kwa mwaka, kwa hiyo barua ya pongezi bila msaada wa fedha haina matumizi kwa familia nyingi. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, havitazami uwezo wa kulipa wakati wa kumchagua hata mwombaji wa nje, na huahidi kufidia upungufu. Vingi vingine hutazama, na hapo kuomba msaada hupunguza nafasi.

Kwenye barua ya fedha tafuta vitu vinne: ada na malazi kamili, bima ya afya, nauli ya ndege, na kama msaada unaendelea miaka yote minne. Kisichotajwa, uliza kwa barua pepe kabla ya kusaini. Wakati huohuo jaza fomu ya vyuo vya umma vya hapa inapofunguliwa, ukiweka kwanza kozi ambayo hesabu yako ya hatua ya 2 inaonyesha unaiweza. Usiachie nafasi ya Makerere mpaka viza iwe imegongwa kwenye pasipoti.